Ng'ombe wa Masomo Manane

Mwalimu Nolasco aliziweka daftari nane juu ya meza ya polisi kata kama mtu anayeweka mayai, kisha akaketi bila kukaribishwa. Haki yake. Katusiime, mkaguzi msaidizi mwenye nyota moja begani, alikuwa ameshasimama kumpokea. Mzee huyu ndiye aliyemshika mkono akiwa darasa la kwanza pale Nyakasimbi, kidole kwa kidole, akamwonyesha herufi a inavyozungushwa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Umenenepa. Serikali inakulisha."

"Huu ni upepo tu, Mwalimu. Leta maneno."

Maneno yenyewe Katusiime aliyajua, lakini polisi hulipwa kwa kusikia jambo mara mbili. Mwezi uliopita kilichapwa kijitabu cha jalada la kijani, *Hatua ya Kwanza: Notisi za Utangulizi, Masomo Manane*, jina la Mwalimu Nolasco likiwa kubwa kuliko jina la kitabu. Masomo ya kidato cha kwanza, yale yanayofundishwa kwa Kiingereza na kuwatoa watu wazima jasho, yalielezwa humo kwa Kiswahili cha jikoni. Watu wakakipenda. Halafu Uwiduhaye, mama wa miaka thelathini na mitatu, kibarua wa mashamba ya kahawa kule Ihembe na mwanafunzi wa kituo cha elimu ya watu wazima ambacho Mwalimu ndiye mkuu wake, akasimama darasani akasema: "Hizi ni za kwangu."

Mwalimu akawahi polisi. Alidai kwamba mama huyo, ambaye alikuwa na ufunguo wa ofisi kwa ajili ya kufagia, alifungua sanduku lake, akanakili notisi zake, na sasa anamchafua.

"Kamati ya kituo inakaa saa tisa," alisema Mwalimu. "Orodha ya watahiniwa wa mtihani wa maarifa inafungwa leo. Hatuwezi kumpeleka mwizi kwenye chumba cha mtihani. Ataiba na karatasi za majibu."

Katusiime alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu. Uwiduhaye alikwisha kutolewa shule mara moja, akiwa na miaka kumi na sita na mimba. Leo angetolewa tena, na safari hii kwa jina la mwizi.

Alizivuta daftari. Kila jalada lilikuwa na mwandiko wa Mwalimu, ule ule uliolala kama migomba baada ya upepo, na tarehe: Machi 2019. Karatasi zilikuwa za rangi ya chai. Pini za katikati zilikuwa zimeota kutu.

"Zimekaa wapi miaka yote hii?"

"Kwenye sanduku la bati, ofisini. Mpaka huyo mama alipoingiza mkono."

Katusiime akaandika kwenye kijitabu chake cha mfukoni: *Karatasi za zamani kweli. Kutu.* Akapiga mstari chini yake. Upande wa Uwiduhaye hapakuwa na hata ukurasa mmoja. Kesi ilikuwa inakwenda kulala upande wa Mwalimu, na Katusiime, tuseme ukweli, hakuona ubaya.

Akafungua daftari ya Fizikia apitishe macho. *Kani ni kusukuma au kuvuta. Ng'ombe akikusukuma kwenye uzio, hiyo ni kani. Uzio nao ukikusukuma, hiyo ni kani ya pili. Wewe uliye katikati ndiye unayejifunza.*

Alicheka kabla hajajizuia. Akafungua Kemia. *Maziwa yakiganda hayarudi kuwa mabichi hata ukiyabembeleza. Hayo ndiyo mabadiliko ya kikemia.* Jiografia: *Mvua ikihama nyasi huhama, nyasi zikihama ng'ombe huhama, na mwenye ng'ombe hulalamika njia nzima.* Hata Historia ilikuwa na ng'ombe, tena amesimama mbele ya mfalme wa Karagwe kama vile ndiye mwenye shauri. Kila somo lilikuwa na mchoro, na kila mchoro ulikuwa na ng'ombe yule yule.

Kilichomsumbua ni kicheko chake mwenyewe. Mwalimu Nolasco aliyemfundisha yeye hakutania hata siku ya Krismasi.

"Mwalimu, huyu ng'ombe umemchora mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Ni ng'ombe wa nani?"

"Wa nani vipi? Wa kichwani, binti yangu. Mimi nafuga kuku. Nilimbuni tu ili somo likae."

"Mwaka 2019."

"Kama jalada linavyosema. Au nilikufundisha kusoma bure?"

Katusiime akayaandika yote hayo, akamsomea, na Mwalimu akatia sahihi chini kwa madaha. Kumbuka sahihi hiyo.

Uwiduhaye alikuwa kwenye benchi la nje, jembe miguuni, kitenge kimefungwa kwa haraka. Alitokea shambani moja kwa moja.

"Shikamoo afande."

"Sema habari, tunalingana. Nisikilize. Mwalimu ana daftari nane. Wewe una nini?"

"Ninazo kichwani. Nikutajie Bayolojia? Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, vingi kuliko nyumba yangu..."

"Aliyeiba naye hukariri. Ulianza kuziandika lini?"

"Mwaka jana, kiangazi. Nilikuwa kibarua kule Bweranyange, kwenye shamba la jirani ya mzee Yustasi. Mchana nikikaa kuandika, ng'ombe wake anakuja uziani kunichungulia. Bihogo. Umbea umemjaa. Nikasema kama hutaki kuondoka, basi ingia kazini."

"Daftari zenyewe ziko wapi?"

"Nilimwachia Mukabera mwezi wa pili, nikienda kuvuna maharage Kyerwa. Yeye ana nyumba ya bati, yangu inavuja."

Katusiime alikuwa na maelezo ya Mukabera kwenye jalada la kesi, yamechukuliwa tangu juzi: mkulima na mpika rubisi, pombe ya ndizi, wa Ihembe, mwanafunzi wa kituo hicho hicho. Mstari wa tatu ulisema hajawahi kuona wala kupokea daftari yoyote ya Uwiduhaye. Alimsomea.

Uwiduhaye akatikisa kichwa kama mtu anayemtetea mtoto wake.

"Amesahau, afande. Mukabera ana kazi nyingi. Ndiye aliyemsimamia mwanangu ubatizo. Muulize taratibu, usimtishe na hizo nguo."

Mtu anayekwenda kuulizia ng'ombe katika kesi ya wizi wa maandishi hapaswi kuwaaga wakubwa zake. Katusiime hakuwaaga. Alifunga daftari nane kwenye mfuko, akaweka na kijitabu cha kijani, akapiga pikipiki teke hadi Bweranyange.

Yustasi alikuwa kwenye nyasi zake, fimbo imelala mabegani, mikono inaning'inia juu yake kama nguo zilizoanikwa. Walisalimiana kwa Kinyambo kwanza, wakaulizana habari za watu, za mvua, na za ng'ombe, ambazo ndizo ndefu. Katusiime mwenyewe alikuwa mtoto wa wafugaji. Alijua kwamba ukimharakisha mtu wa ng'ombe anakupa jibu la kukuondoa.

Mwishowe akamfunulia mchoro wa Bayolojia.

"Mzee, unamjua huyu?"

Yustasi hakuhitaji hata kuusogeza karibu. "Yewe! Nani amemwandika Bihogo wangu?"

"Ng'ombe wa pembe ndefu si wamejaa?"

"Watoto wako wangapi?"

"Watatu."

"Huwachanganyi?" Akaweka kidole kwenye karatasi. "Pembe ya kulia nzima. Ya kushoto imekatika hapa, kiganja kimoja kutoka kichwani. Nyota nyeupe kwenye paji, ina mkia unaoshuka jichoni. Na hapa sikioni pamechanika, alikwaruza hereni ya serikali kwenye mti mpaka ikatoka na nyama." Akapiga mluzi. Ng'ombe mmoja mwekundu wa kuiva akainua kichwa katikati ya wenzake, akaja akitembea kwa maringo, ndama akimfuata.

Katusiime alimlinganisha na karatasi kama anavyolinganisha mtu na kitambulisho. Pembe. Nyota. Sikio. Bihogo naye alimkagua polisi, akaanza kulamba kiti cha pikipiki.

"Hii pembe ilikatika lini?"

"Mwaka juzi, wiki ya Ijumaa Kuu. Walibanana kwenye josho na dume la mfugaji mwenzangu Mwebesa. Damu ilinitoa machozi. Bwana mifugo alikuja kumfunga, cheti ninacho." Aliingia ndani akatoka nacho kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo vya familia nzima. Tarehe ilikuwepo, na muhuri, na maneno *pembe ya kushoto*.

"Na mwaka 2019, mzee? Bihogo alikuwaje?"

Yustasi alicheka mpaka fimbo ikaanguka. "2019 huyu alikuwa ananyonya! Pembe zenyewe zilikuwa kama chunusi."

Katusiime akakipiga picha cheti, akampiga picha ng'ombe. Mwalimu aliyembuni ng'ombe kichwani mwaka 2019 alikuwa amebuni pia ajali ya josho miaka minne kabla haijatokea. Akayaandika hayo kwa maneno machache na akaufuta mstari aliokuwa ameupiga chini ya neno *Kutu*.

Ila kutu bado ilikuwepo. Daftari mpya haizeeki yenyewe.

Mke wa Yustasi alileta maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa, na Katusiime, ili apokee kwa mikono miwili, akataka kuiweka daftari juu ya mkeka palipokuwa na vibuyu vingine. Yustasi alimzuia kwa fimbo.

"Samahani afande. Hicho usikisogeze hapo. Kitaharibu maziwa yangu."

"Karatasi itaharibu maziwa?"

"Inanuka pombe. Tangu umefika nilikuwa najiuliza, huyu mtoto wa watu ameanza lini?"

Katusiime akanusa. Tangu asubuhi alikuwa amezibeba na hakusikia kitu, kwa sababu pua yake imezoea ofisi ambayo nusu ya wageni wake wanatoka kilabuni. Sasa alisikia: moshi, na chini ya moshi utamu mzito wa ndizi zilizoiva. Akaikung'uta daftari ya Kemia juu ya kiganja. Vikadondoka vijidudu vitatu vikavu, vidogo kuliko punje ya ulezi, vile vinzi vinavyozunguka ndizi za pombe. Kimoja kilikuwa kimebanwa katikati ya ukurasa wa maziwa yaliyoganda, kimelala kama nukta.

Mwalimu Nolasco alipikia gesi, na alihakikisha kila mtu anajua. Sanduku la bati ofisini halina ndizi.

Nyumbani kwa Mukabera, Ihembe, kibanda cha rubisi kilikuwa nyuma ya migomba. Katusiime alizima pikipiki mbali akaja kwa miguu. Mukabera alikuwa akiinama kwenye jiko, analisha moto mdogo wa moshi mwingi. Juu yake palikuwa na uchanja, na juu ya uchanja mikungu imefunikwa majani, inaivishwa kwa ajili ya kukamuliwa. Kila nyumba inayopika pombe inao. Ndizi mbichi hukaa hapo siku chache, moto wa chini na jasho la majani vikizihimiza, zikashuka zimeiva.

"Karibu afande! Kaa. Nikupe juisi, haijachacha."

"Ahsante dada. Nimetoka kunywa maziwa, nisije nikayachanganya." Alitazama juu. "Hapo kitu kinachukua siku ngapi kuiva?"

"Inategemea. Sita, saba."

"Na daftari?"

Mukabera aliendelea kusukuma kuni. Kuni ilikuwa imeshafika mwisho wa jiko na bado alikuwa anaisukuma.

"Daftari gani?"

Katusiime alipanda kwenye kigoda, akaipachika daftari ya Kemia kwenye ukingo wa uchanja, katikati ya fito mbili. Kwenye jalada kulikuwa na alama mbili za rangi hafifu, sambamba, ambazo ofisini alidhani ni mikunjo. Zilikaa juu ya fito kama mguu kwenye kiatu chake.

"Yampaye inka!" Mukabera aliapa kwa lugha ya mama yake, kwa jina la aliyempa ng'ombe, akakaa chini kwenye majani. Hakulia. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza.

"Nani alizileta hapa?" aliuliza Katusiime.

"Mwalimu."

"Zikiwa vipi?"

"Mpya. Bado zinanuka duka. Ameshazinakili zote kwa mkono wake. Akasema zinatakiwa kuonekana nzee. Mimi ndiye niliyemwambia, Mwalimu, ndizi ikikaa hapo wiki moja inazeeka, karatasi itashindwa nini?" Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Alinisifu. Akasema nina akili."

"Na za Uwiduhaye, alizozinakili?"

"Nilimpelekea mimi. Alisema anataka kuzisahihisha tu. Kisha akasema kituo kinatafuta mwezeshaji mmoja wa kina mama, mmoja tu, na Uwiduhaye akiwepo mimi sitaonekana. Ni kweli, afande. Yeye akisema kitu watu wanacheka na wanaelewa. Mimi nimerudia mtihani mara mbili."

"Ziko wapi?"

Mukabera akaonyesha moto kwa kidevu. "Aliniambia nichome zote. Nimechoma saba."

"Masomo ni manane."

Aliinuka taratibu, akaingia ndani, akarudi na daftari moja iliyofungwa kwenye kitambaa cha kanisani. Uraia. Mwandiko ulikuwa wa duara, wa kalamu iliyokuwa ikikatika wino, na pembezoni Bihogo alikuwa amesimama kwenye foleni ya kupiga kura.

"Hii kwa nini ilikushinda?"

"Soma ukurasa wa tisa," alisema Mukabera. "Mimi sitausoma tena."

Katusiime akausoma. Kisha akafungua ukurasa huo huo kwenye daftari ya Mwalimu, akaona kilichobadilishwa. Akaifunga tena daftari ile kwenye kitambaa chake.

"Vaa viatu, dada. Saa tisa inakaribia."

Kamati ilikuwa watu wanne kwenye meza ya darasa, na Mwalimu Nolasco katikati yao, kalamu mkononi, orodha mbele yake. Uwiduhaye alikuwa amesimamishwa ukutani kama picha. Alipomwona Mukabera akiingia nyuma ya polisi, uso wake ukafunguka.

"Amekumbuka!" alimwambia Katusiime. "Si nilikwambia?"

Mukabera alitazama sakafu.

Mwalimu alisubiri shikamoo. Haikuja. Katusiime aliweka mezani daftari nane, kijitabu cha kijani, na maelezo yenye sahihi ya madaha.

"Mwalimu amesema ng'ombe huyu alimbuni mwaka 2019. Hii ni picha ya ng'ombe huyo, nimempiga leo. Hiki ni cheti cha bwana mifugo cha mwaka juzi, siku pembe ilipokatika. Shahidi mwenyewe ameshindwa kufika, ana ndama mchanga."

Mjumbe mmoja alicheka, akaona hakuna mwenzake, akakohoa.

"Ng'ombe wanafanana," alisema Mwalimu.

"Hata vinzi?" Akakung'uta Kemia mezani. Akaeleza uchanja, fito mbili, siku saba. Kisha akageuka. "Mukabera. Sema ulichoniambia."

Mukabera alikisema chote, bila kupamba, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Alipofika kwenye moto, Uwiduhaye alivuta kiti akakaa.

"Binti yangu," Mwalimu alimwambia Katusiime, kwa Kinyambo sasa, ili wengine wasisikie, ingawa wote walisikia. "Miaka arobaini nimefundisha. Hakuna hata kitabu kimoja chenye jina langu. Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyekushika mkono."

"Ndiyo, Mwalimu." Katusiime alitoa kalamu, akaandika jina lake mwenyewe kwenye fomu, herufi ya pili a, imezungushwa vizuri. "Mkono wenyewe ndio huu. Nyanyuka, tunakwenda kituoni. Mukabera, na wewe."

Mwenyekiti wa kamati aliivuta orodha kutoka mbele ya Mwalimu. Jina la Uwiduhaye lilikuwa limeshawekewa mstari wa penseli tayari kukatwa. Aliifuta penseli kwa kidole, kisha kwa mate, mpaka jina likabaki safi.

"Mama, utafanya mtihani," alisema. "Na kitabu kitachapwa upya kwa jina lako."

Uwiduhaye alishukuru kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye daftari ya Uraia, juu ya kile kitambaa.

"Naweza kuishika kidogo, afande? Najua ni kielelezo."

Akaifungua ukurasa wa tisa bila kutafuta. *Uaminifu: mtu mwaminifu ni yule unayeweza kumwachia kitu chako ukaenda shamba. Mfano: Mukabera.* Katika daftari ya Mwalimu mfano ulikuwa *mjumbe wa nyumba kumi*.

Mukabera alikuwa mlangoni, mkono wa Katusiime kwenye kiwiko chake. Wala hakuomba msamaha. Alisema tu, "Hiyo sikuichoma, Uwiduhaye."

"Nimeona."

Uwiduhaye aliazima kalamu ya mwenyekiti. Polisi alipaswa kumzuia, kielelezo hakiandikwi juu yake. Katusiime aligeuka akatazama migomba dirishani, kwa muda unaotosha mtu kukata jina moja.

Aliposikia kalamu imewekwa chini, aligeuka. Baada ya neno *Mfano* palikuwa na mstari mnene wa wino, na mbele yake nafasi tupu.

"Mchapaji atataka jina hapo," alisema mwenyekiti.

"Nitalitafuta." Uwiduhaye alimrudishia Katusiime daftari kwa mikono miwili. "Afande, wewe ungeandika nani?"

Mwalimu Nolasco alikuwa uani, karibu na pikipiki, kofia mkononi, akisubiri kuelekezwa mahali pa kukaa. Katusiime alimtazama, akatazama nafasi ile kwenye karatasi.

"Weka ng'ombe," alisema.